Ukurasa wa Pili

Mokowe, Lamu
Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwako Rael, dada yangu tangu tulipogawana dawati moja,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba Mama sasa anakula. Uliniambia miguu yake imeanza kuvimba tena na hataki kwenda kupimwa. Tafadhali usimwachie aamue mwenyewe. Watoto wa Jabez je, wamerudi shuleni? Yule mdogo bado anauliza baba yake atakuja lini? Nauliza kwa sababu nataka kujua, na pia kwa sababu kila nikiuliza nayasogeza mbele yale niliyokaa chini kuyaandika. Mimi mwili hauna ugonjwa. Nakwenda kazini, narudi, nakula kinacholika.

Ulinipigia mara mbili ukitaka nikusimulie siku za mwisho za kaka yako, nami mara zote mbili nikakata simu nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri, Rael. Nilichokosa ni sauti. Nimeamua kuandika kwa karatasi na kumpa mwenzangu anayekuja likizo Eldoret, naye ameahidi kuifikisha mkononi mwako huko Kabiyet. Ukiisoma, isome peke yako kwanza. Kisha utaamua nani mwingine aisome.

Siku ya mazishi mlinikalisha mbele, pamoja na familia. Mchungaji alinisimamisha akawaambia watu kwamba binti huyu ndiye aliyemtoa ndugu yetu kwenye chupa, na kwamba Jabez amekwenda kwa Mungu wake akiwa na siku tatu bila pombe, jambo ambalo hakuwa ameliweza kwa miaka tisa. Watu wakapiga makofi. Mama akanishika mikono yote miwili akaniambia mwanawe amekufa akiwa safi. Niliitikia kwa kichwa nikakaa. Niliona unanitazama ukilia, nikajua unadhani nami nalia kwa sababu ileile.

Sasa nikuanzie mwanzo.

Unajua kazi yangu hapa ni afisa wa afya, na sehemu kubwa yake ni vyoo, visima na chanjo. Baada ya Idi uliletwa ofisini waraka kuhusu pombe, nasi tukaagizwa kuusoma mbele ya watu katika kila mtaa na kila kisiwa. Maneno yake makubwa yalikuwa haya: hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Zamani tulikuwa tukiwaambia watu wanywe kwa kiasi, wasizidishe. Sasa tulitakiwa kusema hata hicho kiasi kina madhara, kwa ini, kwa moyo, kwa saratani. Niliufurahia waraka ule. Nilikulia nyumba moja na mlevi, wewe unajua, na niliona hatimaye serikali imesema kitu kilichonyooka.

Kikao cha kwanza kilikuwa hapa Mokowe, kwenye banda la chifu karibu na soko. Walikuja watu wengi kuliko waliokuja siku ya kikao cha kipindupindu. Hata sijamaliza aya ya kwanza, kicheko kikaanza. Mzee mmoja mstaafu alisema babu yake alikunywa kila siku akafa na miaka tisini na mbili, tena aliuawa na ng'ombe. Mwanamke mmoja muuza samaki akataka kujua kama waraka umekuja na dawa, maana mumewe karatasi anazo nyingi. Ronald, mwenye baa iliyo barabara ya kwenda gatini, alisimama akaongea kwa upole, kama kawaida yake. Alisema yeye analipa leseni kila mwaka na kila chupa anayouza ina stempu ya serikali. Akauliza ni serikali ipi imesema pombe ni sumu, hii inayochukua ushuru wake au kuna nyingine. Watu wakashangilia kama wako mpirani. Nilijibu vibaya. Nilimwambia hata sigara ina stempu, lakini hakuna aliyesikia.

Ronald hakuishia hapo. Kesho yake alikata mistari miwili kutoka kwenye waraka uleule, akaibandika ukutani nyuma ya kaunta yake, watu wakawa wanakwenda kuipiga picha na kuisambaza kwenye makundi ya simu. Mistari gani, nitakueleza. Niache kwanza nifuate siku zilivyokwenda.

Bwana Mugambi, mkubwa wangu, aliniita akaniuliza imekuwaje waraka wa afya ukageuka tangazo la baa. Hakunifokea. Alisema tu nitumie akili, kwamba watu hawa wakipewa upenyo mdogo wanapitisha gari. Nilitoka ofisini mwake uso unawaka.

Kutoka hapo nikaenda Pate. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kahawa, akina mama wakakusanyika kwenye ukumbi wa nyumba ya Bi Huwaida, mwanamke mwenye heshima zake ambaye ndiye mkubwa wa kikundi chao. Nilisoma. Hakuna aliyecheka wala aliyeuliza. Nilipomaliza, Bi Huwaida alikohoa kidogo akaniambia, "Mwanangu, nti hini ina mambo mengi ya kuambiwa. Mai hatuna, daktari yuwaya mara moya kwa mwezi. Hili la tembo Mola alitwambia kitambo. Serikali ndiyo iliyokawia." Kwao tembo ni pombe, mai ni maji, na yuwaya ni anakuja. Wanaume waliokuwa barazani nje hawakuwa wapole hivyo. Mmoja alisema kuleta karatasi ile kwao ni kuwaambia wageni kwamba watu wa Pate ni walevi, akaomba isibandikwe popote, hasa si karibu na msikiti. Nikaikunja.

Lakini niliposhuka kwenda kupanda boti, mwanamke mmoja alinifuata. Jina lake Tima. Alijifunika uso akaniambia haraka haraka kwamba mwanawe mkubwa, anayefanya kazi za ujenzi, anakunywa kila siku, kwamba hawezi kumpeleka zahanati kwa kuwa aliyeko dirishani ni binamu ya mchumba wake, na kwamba akijulikana ndoa imevunjika. Aliniuliza afanye nini. Nikampa karatasi, nikamwambia mwanawe aache, tena mara moja. Aliificha ndani ya buibui kama mtu aliyepewa kitu cha wizi.

Mkokoni nako walinipokea vizuri. Wavuvi waliniambia pale kwao wanaokunywa ni sisi wa bara tu, yaani askari na walimu, basi nikawasomee wenyewe. Nikaenda kambini. Askari saba walinisikiliza wamekaa juu ya masanduku. Nilipomaliza, mmoja wao, kijana wa Kitale, aliniuliza kwa adabu: "Madamu, umetuambia hakuna kiwango cha pombe kilicho salama. Sasa tuambie kiwango kilicho salama cha hii barabara." Wenzake hawakucheka. Wiki mbili kabla walikuwa wamempoteza rafiki yao kwa kilipuzi kilichotegwa barabarani. Niliondoka nikijihisi nimewapelekea watu wenye njaa somo la kunawa mikono.

Nakueleza haya yote ili ujue nilikuwa katika hali gani Jabez aliponijia. Sijitetei. Au labda najitetea. Nimekwisha kushindwa kutofautisha.

Unakumbuka ulivyoniomba nilipohamishiwa huku, ukasema, niangalilie kaka yangu, yuko mbali sana na watu wake. Nilimwangalia kwa namna yangu. Jumapili tulikuwa tukikutana kanisani, akija. Alikuwa mwalimu mzuri, Rael, hilo usiliondoe moyoni. Wanafunzi wake wa hisabati walifaulu hata miaka aliyokuwa akiingia darasani ananukia. Lakini tangu mkewe arudi Nandi na watoto alikuwa anaanza kunywa kabla ya chai. Asiponywa asubuhi hakuweza kushika chaki. Mimi niliwahi kumwona ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto. Mkuu wa shule alikuwa amempa onyo la mwisho kwa maandishi, na hiyo ndiyo sababu hakuja nyumbani likizo ya Aprili. Aliona aibu kumweleza Mama.

Siku ya kikao cha Mokowe alikuwepo, amesimama nyuma kabisa. Watu walipocheka yeye hakucheka.

Alinijia ofisini Jumatatu ya tarehe kumi na moja Mei, saa nne, wakati wa mapumziko ya shule. Alikuwa amevaa shati lake la bluu lililopigwa pasi. Alikaa, akatoa mfukoni chupa bapa iliyobaki robo akaiweka juu ya meza yangu, katikati ya faili za visima. Akasema amechoka. Akasema wanawe wamekuwa wakubwa sasa, simu wanajua kuitumia, na siku moja mkubwa alimpigia akasikia anavyoongea akakata. Aliniuliza mtu anaachaje.

Nilimwambia aache yote, siku hiyohiyo. Nilimwambia kama hakuna kiwango kilicho salama, basi hata tone moja ni sumu, na atakayepunguza kidogo kidogo anajidanganya. Tulitoka nje tukaimwaga ile chupa mchangani nyuma ya ofisi, yeye akiishika, mimi nikiitazama. Nilimfanya atie sahihi kwenye karatasi ya kuahidi kuacha. Nilifurahi, Rael. Kwa wiki sita nilikuwa nimechekwa na kila mtu, na sasa mtu mmoja alikuwa amenisikia. Jioni ile nilimwambia Bwana Mugambi kwamba kuna mwalimu ameacha. Jumanne nilikwenda Hindi, mji mdogo usio mbali na hapa, kuusoma waraka, nikamtaja pale bila jina, nikasema kuna msomi mwenzenu ameacha jana na leo yuko kazini. Kumbe hakuwa kazini.

Jumanne hiyo mchana aliniandikia kwenye simu kwamba mikono inatetemeka sana, analoa jasho na chakula hakikai tumboni. Nikamjibu avumilie, hiyo ni sumu inatoka. Ujumbe huo bado ninao. Jumatano asubuhi aliandika kwamba anaona sisimizi wanapanda ukutani na anajua hawapo. Aliandika hivyo hasa: najua hawapo. Nikamtumia mstari wa Biblia.

Jumatano adhuhuri alinipigia Bi Kadija, mama mwenye nyumba aliyokuwa amepanga, mzaliwa wa Faza, mjane, mtu wa sala tano. Alisema mwalimu anaongea na watu wasioonekana, anawasahihishia madaftari. Nilikwenda. Nilimkuta Jabez ameketi chini, macho makubwa, moyo unapiga mpaka shati linacheza. Alinitambua. Bi Kadija alikuwa ameshamwita mtu wa kumsomea, akidhani ni jini, na yule mtu alipomaliza kusoma alisema huyu hana jini, huyu anadai kinywaji chake. Basi Bi Kadija akanivuta ukumbini akaniambia maneno ambayo sitayasahau. Alisema, "Mwanangu, mimi sijapata kushika chupa ya tembo kwa mkono wangu. Lakini huyu ni kiumbe wa Mngu, yuwafa mbele ya mato yetu. Ntatuma mtu kwa Ronald kwa pesa zangu. Mpe funda moya atulie, kisha mpeleke kwa daktari. Dhambi yake iwe yangu."

Nikamkatalia. Nilimwambia akimpa hata funda moja atakuwa amemuua. Nilimwambia mimi ndiye afisa wa afya. Akainamisha kichwa, akasema mimi ndiye niliyesoma.

Wala sikumpeleka kwa daktari siku ile. Niliona akienda hospitali mji wote utasema ameshindwa, na mimi nimeshindwa naye. Nikamwekea maji na glukosi pembeni, nikamwomba Bi Kadija akae karibu.

Alhamisi saa tatu asubuhi mwili ulimkakamaa ukaanza kumruka kama mwenye kifafa. Ulipotulia ukaanza tena. Tulimbeba mimi, Bi Kadija na vijana wawili wa jirani mpaka gatini, tukapata boti ya kutuvusha kwenda hospitali kisiwani Lamu. Uliniuliza kama alisema neno la mwisho. Ndani ya boti alifumbua macho akauliza leo ni siku ya ngapi. Nikamwambia ya nne. Akajaribu kutabasamu, akasema, "Nimefika mbali." Hakusema tena. Walimpokea mbio, wakafanya yote waliyoweza, na saa sita kasoro alikuwa ameondoka.

Daktari aliyemhudumia alikuwa kijana mdogo. Aliniuliza marehemu alikunywa mara ya mwisho lini. Nikasema Jumatatu. Akauliza alikuwa akinywa kiasi gani, nikamwambia. Akanitazama, akaniuliza ni nani aliyemwambia aache ghafla namna ile. Rael, nilikuwa nimevaa kitambulisho cha kazi shingoni. Nilimjibu kwamba aliacha mwenyewe. Akaandika hivyo. Ndivyo ilivyo mpaka leo kwenye karatasi za hospitali: aliacha mwenyewe.

Mpaka hapa labda unasema moyoni kwamba nilikosea kwa kutojua. Ningependa uamini hivyo. Hata mimi nilijaribu kuamini, kwa siku kadhaa.

Waraka ule ulikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ndio huo wa hakuna kiwango kilicho salama. Wa pili ulikuwa mfupi, na ulisema kwamba anayekunywa sana kila siku, anayetetemeka asubuhi asipopata, asiache pombe ghafla wala peke yake, kwa kuwa anaweza kupata mtukutiko wa mwili kama wa kifafa na kufa. Apelekwe kituo cha afya, apewe dawa, aangaliwe, ashushwe polepole. Yalikuwa yameandikwa kwa Kiswahili chepesi ambacho mtoto wa darasa la tano angekielewa.

Niliusoma ukurasa huo kwenye kikao cha Mokowe. Huo ndio uliopasua banda kwa kicheko. Wanaume walisimama juu ya viti wakipiga kelele kwamba serikali yenyewe imesema wasiache. Mistari miwili aliyoibandika Ronald ukutani ilikuwa hiyo: usiache pombe ghafla, kwa amri ya ofisi ya afya. Niliporudi kutoka kwa Bwana Mugambi, nikiwa bado nina hasira, nilikaa mezani nikachomoa pini kwenye nakala zote nilizobaki nazo, mia mbili na kitu, nikatenga kurasa za pili nikazitia ndani ya sanduku la kadi za chanjo. Hakuna aliyeniagiza. Pate, Mkokoni, Hindi, kote nilikwenda na ukurasa mmoja. Niliona huo wa pili unawapa walevi kisingizio. Nilisema moyoni nawajua walevi kuliko walioandika.

Na bado sijakuambia lililo baya zaidi. Jumatatu ile, kabla hatujaimwaga ile chupa, Jabez aliniuliza. Alikuwa na akili yake nzuri, unamjua, hawezi kuacha hesabu isiyotoka. Aliniambia kule kwa Ronald kuna karatasi inayosema mtu asiache ghafla, na kwamba hata siku ya kikao alisikia kama nimesoma kitu cha namna hiyo, ila kelele zilikuwa nyingi. Akaniuliza je, hilo ni kweli, na je, kwake halihusu, kwa sababu yeye hutetemeka.

Nikacheka. Nikamwambia hayo ni matani ya walevi, wamekata maneno wakayageuza. Nikamuuliza, "Unamwamini Ronald au unaniamini mimi?"

Akasema, "Wewe."

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo nilipokaa mbele na familia yenu.

Baada ya kurudi kutoka mazishini nilikuta kila mtu ameshapata lake la kusema. Baani wanasema maji ndiyo yamemuua mwalimu. Wawili niliowajua walikuwa wamepunguza wamerudi pale pale, na zaidi. Kanisani wanasema alikufa shujaa, na wanataka niwe nikitoa ushuhuda kwa vijana. Mkuu wa shule aliniandikia barua ya shukrani. Kila upande umemchukua Jabez ukamtumia, na hakuna hata mmoja anayesema kilichomuua.

Ronald alikuja ofisini. Nilidhani amekuja kunicheka. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema alikuwa amegundua mwalimu hajafika Jumatatu, Jumanne, na kwamba Jumatano alitaka kumpelekea kidogo, kisha akaona watu watasema anamfuata mteja mpaka kitandani. Akasema, "Madamu, ile karatasi niliiweka kwa utani. Sikujua ni ya kweli. Wewe ulijua?" Nikamwambia nina kazi nyingi. Akaondoka. Naambiwa ameibandua.

Nilikwenda Pate kumtafuta Tima. Bi Huwaida alinipokea kwa pole nyingi, wakanisomea dua mimi, mfiwa. Nilipouliza habari za Tima waliniambia amempeleka mwanawe kwa ndugu zake Malindi au Mambrui, hawana hakika, na simu yake haipatikani. Waliniuliza ninamtakia nini. Ningewajibu nini bila kumfichua? Nikasema nilitaka kumsalimia tu. Basi kule aliko, kama mwanawe yu hai, karatasi aliyonayo ni ile ya ukurasa mmoja. Na niliowapa Hindi siwajui hata kwa sura.

Jumatano iliyopita nilimweleza Bwana Mugambi kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya mtu anayenihurumia kwamba faili limefungwa, kwamba nikilifungua nitapoteza kazi na pengine nitashtakiwa, na tena kwamba watu wakijua, hakuna atakayesikiliza tena neno lolote kuhusu pombe katika kaunti hii. Pengine ana haki katika hilo la mwisho. Ndilo linalonisumbua. Nikisema, watakunywa wakinicheka. Nisiposema, yuko mtu mahali fulani ataacha Jumatatu kama kaka yako.

Nimeandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa nne, nikayapeleka mwenyewe kule hospitali kwa yule daktari kijana, na nakala nikampa chifu. Daktari aliyasoma amesimama. Hakunilaumu wala hakunipa moyo, alisema atayaambatisha. Kuhusu kazi bado sijaambiwa kitu. Keshokutwa nimepangiwa Hindi tena, na kabla sijasimamishwa nitakwenda. Nitasoma kurasa zote mbili, kisha nitasema nilichofanya na nilimfanyia nani. Nadhani watacheka. Sijui nitasimamaje pale wakicheka, lakini mara hii sitakuwa na mahali pa kuuficha huo ukurasa. Usidhani nakuandikia haya ili unione nimekuwa mtu mwema. Sioni mwanga wowote katika jambo hili. Najua tu kwamba siwezi kuketi tena mahali nikapigiwa makofi.

Sikuombi unisamehe, maana ukinisamehe upesi nitakuogopa, na usiponisamehe utakuwa na haki. Kuhusu Mama, sijui. Yeye amepata mahali pa kushika, kwamba mwanawe alikufa safi. Kumnyang'anya hilo ni kumuua mara ya pili, na kumwachia ni kuendelea kumdanganya. Nakuachia wewe mzigo huo pia, juu ya mingine, na naona aibu.

Bi Kadija anawapa pole. Chumba cha Jabez hajakipangisha. Vitabu vyake na nguo nimevifunga, vitakuja na huyohuyo aliyekuletea barua. Shati la bluu halimo. Alikuwa amelivaa.

Wafikishie watoto salamu zangu ikiwa utaona inafaa jina langu litajwe katika nyumba hiyo. La sivyo, wape mkono tu bila kuwaambia umetoka kwa nani.

Nilitaka kumalizia kama nilivyozoea, kwa kujiita rafiki yako. Nimeliandika neno hilo mara mbili na kulifuta.

Ni mimi,
Valary Jepchirchir